Msaidizi Mmoja wa Kibwana

Enyi mliokusanyika, wakubwa kwa wadogo, wake kwa waume, nawaomba kwanza masikio yenu. Hukumu nitawaomba baadaye.

Katika mji mmoja aliishi Kibwana, mtu mzima mwenye ndevu, mzito wa kuelewa. Mambo yalimwingia polepole, ila yakishaingia hayakutoka. Kwa miaka mingi sheria ya nchi yake ilimweka fungu moja na watoto: hana kura. Kila uchaguzi alivitazama vidole vya wenzake vilivyochovywa wino, nao wakamuuliza kwa kejeli, "Cha kwako kiko wapi, bwana mdogo?" Alitamani kuhesabiwa mtu, basi.

Mama yake, Bi Somoe, alijaliwa subira. Alimfunza kutambua picha za wagombea na kutia alama ndani ya kisanduku, akichora kwa mkaa sakafuni, mpaka mkono wa mwanawe ukazoea.

Dada yake, Mwanaisha, alijaliwa ulimi. Alisimama mahakamani mwaka baada ya mwaka, hata jaji akaamuru Kibwana aandikishwe.

Jirani yao Chande, fundi viatu, alijaliwa heshima ya watu. Mwandikishaji alipotaka mtu wa kumdhamini Kibwana, Chande aliapa hadharani: "Huyu anajua anachokitaka." Kwa kiapo hicho wateja wake wengi walimsusa.

Siku ikafika. Mlangoni pa kituo, msimamizi akasema, "Sheria inamruhusu aingie na msaidizi mmoja tu. Nani?"

"Mimi mamake," akasema Bi Somoe.

"Mama, bila mahakama ungemleta wapi?" akauliza Mwanaisha.

"Na bila kiapo changu, mwanangu," akasema Chande, "hiyo mahakama ingekufaa nini?"

"Naweza kuingia peke yangu," akasema Kibwana.

"Ngoja kwanza, baba, tunazungumza habari yako," mama akamjibu, akimpangusa jasho.

Wakabishana mpaka jua likashuka. Kibwana akayarudia maneno yake, sasa kwa sauti ndogo. Saa ya kufunga ikatimia, msimamizi akauvuta mlango. Kabla ya uchaguzi uliofuata, sheria mpya ikaitangua amri ya jaji, na jina la Kibwana likafutwa. Hakuomba tena.

Basi, enyi wasikilizaji, kati ya mwenye subira, mwenye ulimi na mwenye kiapo, nani alistahili kuingia naye? Na ukisema hakuna, utamwambia nini mama yule? Je, wewe ungeamua vipi?

Aliyenihadithia mara ya kwanza ni Kibwana mwenyewe.