Swala Alivyotolewa kwa Ngiri Wawili

Paukwa.

Pakawa.

Wameitika wa mbele tu. Na nyinyi mlioegemea ukuta, akina baba na akina shangazi, mmekuja kusikiliza au kupumzika? Paukwa.

Pakawa.

Haya, sasa naanza. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wakigawana maji kwa mchezo badala ya meno, palikuwa na mto. Upande huu wa mto waliishi Wabondeni. Upande ule waliishi Wamlimani. Masika mto ulijaa, kila mmoja akanywa alivyotaka. Kiangazi mto ulikauka, likabaki dimbwi moja katikati ya mchanga.

Dimbwi moja, vinywa vingi. Basi kila kiangazi kilipokaribia, walicheza kata.

Kata mnaijua. Ile ambayo mama huweka kichwani abebe mtungi. Yao ilikuwa kubwa zaidi, imesukwa kwa ukindu, ngumu, nyepesi, mviringo, yenye tundu pana katikati. Mrushaji anairusha, fyuuu. Mdakaji anaruka, anaidaka kwa pembe, cha. Kisha anakimbia nayo, anakizunguka kichuguu cha wapinzani, na hilo ni bao. Wenye mabao mengi wanakunywa alfajiri, maji yakiwa baridi na safi. Wenye machache wanakunywa jioni, kwato zote zikiwa zimeshapita. Maji ya jioni yana rangi ya uji wa ulezi, ila uji unanukia.

Mrushaji wa Wabondeni alikuwa Nyani. Mikono mirefu, macho makini. Kabla ya kurusha aliigeuza kata, akautafuta uzi uliolegea, akauchomeka ndani, akaangalia upepo, akaigeuza tena.

"Rusha basi, Nyani," wenzake walimwambia. "Kiangazi kitakwisha tukiwa hapa."

Hawakujua, au walisahau. Mwaka mmoja Wabondeni walishindwa. Mtoto wa kwanza wa Nyani akanywa maji ya jioni. Akaharisha, akaharisha, akanyamaza. Tangu siku hiyo Nyani hakurusha kitu bila kukitazama mara mbili. Na sasa alikuwa na mtoto mwingine, mdogo, amemng'ang'ania tumboni.

Mdakaji wao mkuu alikuwa Swala. Swala huyo akiruka, ungedhani ardhi imemsukuma. Nyani alirusha juu, juu zaidi, mahali ambapo mwingine asingefika, na Swala alikuwepo. Wabondeni wote waliimba:

Rusha, Nyani, rusha,
Swala yuko juu.
Rusha, Nyani, rusha,
Swala yuko juu.

Miaka ikapita. Wabondeni wanakunywa alfajiri.

Lakini Swala alikuwa ghali. Bondeni palikuwa na ukingo wa udongo wenye chumvi, na wanyama waliulamba kwa zamu. Swala alipokubali kudaka aliomba jambo moja tu: aulambe wa kwanza, na asiharakishwe. Wakakubali, kwa furaha, wakiwa wametoka kushindwa. Sasa kila asubuhi walisimama kwenye foleni wakimtazama. Lamba, lamba, lamba. Jua linapanda. Lamba, lamba. Wakifika wao, udongo laini umekwisha, umebaki ule mgumu wa kukwaruza ulimi.

Siku moja akaja Mbweha kutoka Mlimani. Akaja kwa adabu, mkia chini, akamwamkia Nyati, nahodha wa Wabondeni.

"Shikamoo, nahodha. Tumesikia chumvi yenu inakwisha. Tumesikitika sana."

"Marahaba," Nyati akasema. "Husikitiki hata kidogo. Sema ulichotumwa."

"Sisi tuna Ngiri wawili. Vijana, wana nguvu, wanakula mizizi tu. Chumvi hawaitaki. Tupeni Swala mmoja, mchukue Ngiri wawili."

Nyati akaitisha baraza.

Sikilizeni desturi ya baraza la Bondeni, maana mambo yote yaliharibikia hapo. Bondeni waliamua wakiwa wamekaa. Kila mtu alisema lake, kisha nahodha alisema, "Anayepinga asimame." Akisimama mmoja tu, jambo linarudishwa nyuma, linazungumzwa upya. Asiposimama mtu, nahodha anapiga ukwato chini, pu, limepita. Na likipita halirudi. Anayezungumziwa hukaa mbali, asisikie. Kwa hiyo Swala alisimama kule kwenye migunga, akila majani, masikio yakicheza.

Kanga alianza, maana Kanga huanza kila kitu.

"Mimi sina ugomvi na Swala. Lakini mchezo uliopita amedaka mara ngapi? Mara moja. Nilikuwepo, nimeona. Chumvi yote ile kwa kudaka mara moja. Hata mimi naweza kudaka mara moja, mkinipa chumvi hiyo."

"Ungedaka kwa kichwa gani?" Twiga akauliza.

"Hicho hicho ninachosemea."

Wakacheka. Pundamilia akakohoa, akajinyoosha mistari yake.

"Na mabao ya mchezo uliopita, jamani, nani aliyeyafunga? Sipendi kujisifu. Lakini mimi sina pembe, na bado kata iliniingia shingoni kila iliporushwa. Kila iliporushwa. Na mimi silambi wa kwanza."

"Kweli kabisa," wakasema wengine. "Pundamilia alicheza."

Twiga akajaribu kumtetea Swala. "Lakini mwenzenu akiruka, anapendeza."

Wakacheka hata waliokuwa hawasikilizi. "Anapendeza," Kanga akasema. "Basi tumweke mlangoni kama pazia."

Nyani alikuwa amekaa pembeni, mtoto tumboni. Hakucheka. Alijua jambo moja ambalo hakuna mwingine pale aliyelijua. Mrushaji husimama nyuma, anaona uwanja wote. Na yeye aliona kwamba kila Swala alipokwenda, Wamlimani watatu walikwenda naye. Kuro, Pofu na Nyumbu. Akienda kulia, watatu kulia. Akirudi, watatu wanarudi. Hata asipodaka. Hata akisimama kupumua. Watatu wale wakimlinda Swala, Pundamilia anabaki peke yake kama mgeni aliyepotea njia, na mtu aliyebaki peke yake unaweza kumvalisha kata shingoni kama shanga.

Mabao yalikuwa ya Pundamilia. Nafasi ilikuwa ya Swala.

Nyani akataka kusema. Lakini alitaka kusema vizuri. Akaanza kupanga moyoni. Nianze na Kuro, au nianze na Pofu? Aliyekuwa kushoto kwenye bao la kwanza ni Pofu au Nyumbu? Nikisema Pofu, na kumbe ni Nyumbu, Kanga atalishika kosa hilo, atalipeperusha siku nzima. Na Pundamilia nimwambieje, mbele ya watu, kwamba hakuna aliyekuwa akimwangalia?

"Mbona Nyani kimya?" Kanga akasema. "Au anamlilia rafiki yake?"

Nyani akaendelea kupanga. Ni Nyumbu, akawaza. Hapana, ni Pofu. Nyumbu alikuwa nyuma.

"Anayepinga asimame," Nyati akasema.

Nyani akaweka kiganja chini ili ainuke. Akakumbuka tena bao la kwanza. Kama ni Pofu, basi Kuro alikuwa wapi?

Pu.

Limepita.

Nyani akabaki na kiganja chini. Wenzake wakainuka, wakajikung'uta vumbi, wakaanza kuzungumza habari za majani. Na hapo, bila kutafuta, akakumbuka. Alikuwa Pofu.

Nyani ndiye aliyekwenda kwenye migunga. Swala alipomwona, akaacha kutafuna.

"Ninakwenda?"

"Unakwenda."

"Walisema nini, dada?"

"Walisema chumvi."

Swala akatikisa kichwa taratibu. "Chumvi nimelamba, siwezi kukataa. Na hakuna aliyesimama?"

Nyani akamtazama mtoto wake, akamtoa jani kichwani, ingawa halikuwa linamsumbua.

"Hakuna."

"Haya," Swala akasema. "Uwarushie vizuri." Akavuka mchanga, tap, tap, tap, mpaka ng'ambo.

Ngiri wawili wakaja, mikia juu, wakiwa na heshima nyingi.

"Shikamoo, mama Nyani. Sisi tunaweza kusukuma. Tunaweza kuchimba."

"Marahaba, wanangu. Na kuruka?"

Ngiri wakatazamana. "Kuruka hatujawahi kuambiwa."

Nyani akawarushia kata. Puu, ikampiga wa kwanza puani. Akawarushia tena. Puu, ikampiga wa pili. Wakashukuru. Wakajitahidi kila siku, pua zikavimba, na hakuna aliyeweza kuwalaumu. Walikuwa vijana wazuri. Hawakuwa wadakaji.

Na chumvi? Ilitosha. Wabondeni waliilamba wakashiba, wakasifiana kwa uamuzi wao.

Siku ya mchezo ikafika. Nyani akaigeuza kata, akaangalia upepo, akaigeuza tena. Akamtafuta Pundamilia. Pundamilia alikuwa amesimama mahali pake, shingo tayari, akitabasamu.

Fyuuu.

Mara Kuro huyu hapa. Pofu huyu hapa. Nyumbu huyu hapa. Pundamilia akatoweka katikati yao, zikabaki ncha za masikio. Puu, kata ikaanguka.

Nyani akarusha tena. Watatu. Puu. Akarusha kulia, watatu kulia. Akarusha kushoto, watatu kushoto. Puu. Puu.

Pundamilia akaja akihema. "Dada Nyani, hawa wametoka wapi?"

"Walikuwepo siku zote."

Pundamilia akageuka kuwatazama wale watatu, kisha akamtazama Swala kule ng'ambo ya uwanja, kwa muda mrefu, kama anayemwona kwa mara ya kwanza.

Zamu ya Wamlimani. Mrushaji wao Tumbili akarusha juu. Ngiri wakakimbia chini yake, mikia juu, wakaangalia mbinguni. Swala akapaa. Cha. Na Wabondeni, kwa mazoea yao, midomo ikatangulia:

Rusha, rusha,
Swala yuko...

Wakanyamaza. Wamlimani wakaumalizia wimbo.

Cha. Bao. Cha. Bao. Swala hakucheza kwa kisasi, hakuringa, hakumwangalia mtu. Alidaka tu kama alivyodaka siku zote. Jua lilipoinama, Wabondeni hawakuwa na bao hata moja.

Wakati wa kurudi, Nyati alitembea karibu na Nyani. Alikuwa mzito, na siku hiyo alikuwa mzito zaidi.

"Wale watatu," akasema. "Miaka yote walikuwa wakimfuata yeye."

"Ndiyo, nahodha."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Hata siku ya baraza?"

"Hata siku ya baraza. Nilikuwa naipanga. Nilitaka niiseme vizuri, mtu asipate pa kushika."

Nyati akasimama. Nyani akangoja akemewe. Hakukemewa.

"Ungeisema vibaya vibaya hivyo hivyo," Nyati akasema. "Tungekucheka. Kanga angepata maneno ya siku nzima. Halafu tungerudi nyuma, tukaizungumza upya. Ndiyo maana ya kusimama, mama. Si kusema vizuri."

Akaendelea na safari.

Kiangazi kikaingia. Mto ukakauka, likabaki dimbwi. Alfajiri Wamlimani wakashuka. Wabondeni wakakaa ukingoni wakisikia wenzao wakinywa, lap, lap, lap. Mtoto wa Nyani aliisikia sauti ya maji, akaanza kulia.

Swala akapanda kutoka dimbwini, matone yakimdondoka puani. Alipomfikia Nyani akasimama.

"Dada."

"Kaka."

"Mtoto hajambo?"

"Hajambo, kwa leo."

Swala akatazama chini. Tone moja likaanguka kutoka puani mwake, mchanga ukalinywa palepale. "Mimi nikisimama kwenye baraza la kule," akasema, "bado ni mgeni. Lakini nitasimama. Nitawaambia wanaonyonyesha wa pande zote wanywe alfajiri."

"Watakucheka."

"Watanicheka, ndiyo."

Wenzake wakamwita, akaenda. Siku hiyo baraza la Mlimani lilimcheka. Na siku iliyofuata, na iliyofuata. Nyani hakujua kama watachoka kucheka kabla ya mvua.

Alitembea juu kidogo ya dimbwi, mahali pakavu, akapiga magoti. Akachimba mchanga kwa vidole, akachimba, akachimba, mpaka chini kabisa pakaanza kulowa. Maji yanayopita mchangani hutoka safi, lakini hutoka taratibu. Yalikuwa machache, yasiyojaa kiganja. Akamweka mtoto pembeni, wakayangoja.

Basi, wakubwa kwa wadogo, fundisho ni hili. Kazi ya mtu msiipime kwa mnachomwona akila, wala kwa mabao yake peke yake. Ulizeni ni nani amepata nafasi kwa sababu yake. Na wewe unayejua jambo ambalo wenzako hawalijui, simama uliseme kabla hawajaamua, hata kama hujalipanga, hata kama sauti inatetemeka. Wakikucheka, kicheko kitaisha. Uamuzi hauishi.

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye shimo dogo la mchanga. Anayeona nimekosea mahali asinyamaze. Kesho nitakuwa nimesahau nilichosema.