Fundi Aliyeligusa Gari la Bi Zaituna

Meneja wa gereji ya kampuni ya kuuza magari alikuwa na wimbo mmoja. Kila aliyeleta gari jipya kudai matengenezo aliyokwisha kuyalipia ndani ya bei ya gari aliambiwa, "Fundi wa mtaani ameligusa. Haki yako imekufa."

Bi Zaituna alimwonyesha gari jeupe uani.

"Langu lile, mwanangu. Nataka matengenezo yangu."

Meneja aliinama, akachungulia uvunguni, akasonya. "Fundi wa mtaani huyu, mama. Hata spana hajui kushika."

"Una hakika?" Bi Zaituna alipaza sauti, wateja wote wasikie.

"Naapa."

"Basi mfukuze. Gari nililileta mwezi uliopita, fundi wako akalifungua, akaliacha. Halijatoka hapa. Ufunguo ule, unaning'inia ukutani kwako."

Meneja aliutazama ufunguo, akawatazama wateja, kisha akavua koti, akachukua spana.