Jina la Kapu la Jua na Upepo

Hapo zamani, si zile za masultani bali zamani za juzi, palikuwa na mji wa nyanda za juu uitwao Uvumani, ambako upepo haukujua kupumzika. Mji ule ulikuwa na soko lake la hisa. Kila asubuhi kengele ya soko ilipolia, msomaji wa redio alisoma fahirisi, yaani namba moja inayoeleza kama kampuni nyingi kwa pamoja zimepanda au zimeshuka. Maana fahirisi ni kijiko cha mpishi: unaonja kijiko kimoja, unaijua sufuria nzima.

Iliyopendwa kuliko zote ilikuwa fahirisi ya nishati safi. Watu waliiita Kapu. Ndani yake mlikuwa na kampuni za upepo, za jua na za mvuke wa ardhini. Mkulima wa viazi asiyejua kampuni ipi ni ipi alinunua kapu zima, akalala usingizi.

Kapu lilisukwa na Sikudhani, mke wa Mbaruku. Alilisuka kwenye meza ya jikoni, mumewe akimenya viazi upande wa pili.

"Watu wetu wanataka kuweka akiba bila kumchafulia mtu hewa," alisema. "Basi niwasukie."

Akasuka, likapendwa. Kisha akaugua, akafa kabla ya mvua. Mbaruku aliendelea kuwasha redio kila asubuhi, kwa kuwa ilikuwa saa ambayo mkewe alizoea kumwambia, "Hebu nyamaza kidogo, baba, nisikie." Sasa hapakuwa na wa kumnyamazisha, naye alinyamaza.

Kapu likarithiwa na Chiku, mwanafunzi wa Sikudhani. Chiku akafunga safari kwenda kutazama kampuni moja ya paneli za jua. Kanuni ya mwalimu wake ya kuingiza kampuni kapuni iliuliza: kampuni hii inauza nini? Haikuuliza: inachoma nini? Chiku akakuta tanuri za kuyeyushia vioo zikilishwa miti ya msitu wa asili, magogo mabichi yakitoa machozi ya utomvu. Akarudi, akatangaza alichokiona, akaitoa kampuni ile kapuni.

Kapu likashuka. Watu wakakimbilia kuuza.

Ndipo Mashavu, mwenyekiti wa chama cha wanawake wakulima, alipokwenda redioni. "Nyumba ikifagiliwa, vumbi huruka," alisema. "Nani anahama nyumba kwa sababu inafagiliwa? Sisi hatuuzi." Chama chake hakikuuza hata hisa moja. Waliokimbia wakaona haya, wakarudi. Kapu likatulia, kisha likapanda kupita lilivyokuwa.

Baraza la soko likafurahi, likaamua kulipatia kapu jina la mtu. Na desturi ya Uvumani ni hii: jina likishatolewa halibadilishwi, na husomwa redioni kila asubuhi kengele ikilia.

Mbaruku aliposikia habari hiyo alitoa koti lake, akalipiga pasi. Hakutaka sanamu wala sherehe. Alitaka kuwasha redio na kusikia, "Sikudhani amepanda." Hata "Sikudhani ameshuka" ingemtosha.

Siku ya baraza kuwasikiliza wanaodai jina lile, ukumbi ulijaa. Mashavu alitangulia.

"Kapu lisilo na kitu ndani ni nini? Ni ukindu tu! Mmoja alisuka, mmoja akafagia, lakini mimi na wenzangu ndio tuliobaki ndani wengine wakiruka nje kupitia madirisha. Bila mimi, kapu lingekuwa hadithi."

"Mama, sema kweli, uliogopa foleni ya kuuza!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma.

"Foleni naijua kuliko wewe, mwanangu. Ndiyo maana nilikataa kuipanga."

Ukumbi ukacheka. Chiku akasimama, hakumtazama Mbaruku.

"Kapu la nishati safi linalokata msitu ni uongo mtamu. Bila mimi mngekuwa mnanunua moshi mkidhani ni jua. Mwalimu wangu nilimpenda, nimekula ugali mezani kwake. Lakini mlango ulioingiza moshi ule aliuacha wazi yeye."

Mbaruku akasimama kumsemea marehemu.

"Ni kweli, aliuacha wazi," alisema. "Lakini Chiku alifagia nyumba ya nani? Na Mashavu alikataa kuhama nyumba ipi? Bila mke wangu kusingekuwa hata na kosa la kusahihisha."

"Shemeji, hapo umenipata," Mashavu akasema kwa sauti ya chini.

Baraza likapiga kura. Zikalingana, za watatu wote. Bi Sakina, mkuu wa baraza, akavua miwani.

"Desturi inasema kura zikilingana, neno la mwisho hupewa asiyepokea kitu. Chiku atapokea heshima. Mashavu atapokea heshima. Aliye kaburini hapokei, na anayemsemea hapokei. Mzee Mbaruku, taja jina wewe. Hapa ndani ni wewe peke yako usiye na unachokipata."

Mbaruku akashika ukingo wa meza. Hana anachokipata! Akamwona Chiku, macho chini. Akamwona Mashavu, mikono mapajani. Akamkumbuka mkewe alivyozoea kusema, "Anionyeshaye kosa langu ndiye anipendaye," akajua angekuwepo angemtaja nani. Akajua pia kwamba yeye anayejua hivyo ndiye atakayeamka kesho peke yake, jikoni, mkono kwenye redio.

Watu wote wakamgeukia. Akafungua kinywa.

Haya, mlioketi, msimtazame msimulizi. Mmoja alisuka, mmoja alisafisha, mmoja alishikilia. Je, nani alistahili jina lile? Na Mbaruku akimtaja Sikudhani, atakuwa ameamua, au atakuwa amelia tu?