Neno la Kwanza Njiani

Tumbo huweza kulala njaa, na likizoea hunyamaza. Sikio halijui shida hiyo. Hata ulifungie ndani na kuliziba kwa pamba, litapata tu la kula: umbea wa jirani, kikohozi cha mpita njia, mlango unaolia kwa upepo. Ndiyo maana wahenga walisema kwamba sikio halilali njaa, na sidhani kama walikuwa wakilisifu. Sikio hula chochote linachopewa, kisha mwenyewe ndiye huumwa na tumbo. Xavier Cirhuza, fundi mwashi wa Bukavu, aliijua methali hii tangu utotoni na aliitumia kuwacheka wambea wa mtaa wake wa Kadutu. Hakujua kwamba siku moja yeye ndiye angekuwa mfano wake.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na saba, wakati Wazungu wakijenga mtaa wao wa Muhumba kana kwamba wangekaa humo hadi kiama. Mchana Xavier alisimamisha kuta za nyumba zao kando ya ziwa, na jioni alipanda kilima kurudi kwake Kadutu, ambako mkewe Delphine alimngoja na bugali ya moto na mboga ya lengalenga. Walikuwa wamefunga ndoa kanisani miaka mingi iliyopita, na tangu hapo hawakuwahi kulala wamenuniana. Walichokosa ni mtoto. Majirani walimwita mkewe Maman Delphine kwa heshima tu, maana mwanamke mzima haitwi jina tupu, lakini kila mtu alijua kwamba pale palipongojea jina la mtoto palizibwa kwa jina lake mwenyewe. Delphine aliitika kwa uchangamfu. Xavier ndiye aliyeumia kila aliposikia.

Mama yake Xavier, M'Bulonza, alishuka kutoka Kabare mara kwa mara na kapu la maharage kichwani na swali moja mdomoni. Zamani aliuliza kwa mafumbo, siku hizi aliuliza waziwazi. Alikuwa amekwisha kumwona msichana wa Lwiro, mwenye adabu, ambaye dada zake wote walizaa upesi. Xavier alimkumbusha kwamba yeye ni Mkristo na ndoa yake haina mlango wa nyuma. M'Bulonza, ambaye alibatizwa uzeeni na kuipenda rozari yake kuliko kiko chake, hakubisha. Alichosema kilikuwa kibaya zaidi kuliko ubishi.

"Miye sikuambie umufukuze," alisema. "Muulize Mungu. Yeye njo alimuleta, yeye njo atasema."

Maneno hayo yalimkaa Xavier kama chembe ya mchanga kwenye jicho. Kazini alimdokezea mwenzake Polycarpe, mwashi hodari wa kuchanganya saruji na hodari zaidi wa kuchanganya mambo. Polycarpe alimwambia kwamba mafundisho ya kanisa ni ya watu wote, lakini Mungu anaweza kuwa na neno la mtu mmoja mmoja. Hata Ibrahimu alisemeshwa peke yake, katekista hakuwapo. Xavier aliliona hilo kuwa na mantiki, akaanza kusali kwa bidii asikie neno lake. Alisali asubuhi, alisali akipanga matofali, alisali hata akinawa mikono. Hakusikia kitu. Alibaki amesimama njia panda moyoni, huku mkewe, huku mama yake, na juu kimya kitupu.

Hapo ndipo alipomkumbuka nyanya yake. Marehemu yule alipokuwa na jambo zito, kama safari au posa, alitoka alfajiri bila kumsalimu mtu, akaenda kusimama njia panda. Neno la kwanza litokalo kinywani mwa mtu asiyejua shida yako, alisema, hilo ni neno la mizimu ya wazee waliotutangulia. Xavier aliitazama mila hiyo huku na huku, akaona haina ubaya ikioshwa. Badala ya mizimu angemweka Mungu, na kabla ya kutoka angepiga ishara ya msalaba na kusali Baba Yetu. Akaibatiza mila nzima bila kumwita padri.

Asubuhi ya kwanza aliomba kwa unyofu: Bwana, Delphine abaki au aende? Kisha alitoka kimya hadi njia panda iliyo chini ya soko. Wapagazi wawili walikuwa wakihangaika na mkungu wa ndizi, na mmoja alimwambia mwenzake auweke palepale, hakuna atakayeuchukua. Xavier alirudi nyumbani akicheka peke yake. Auweke palepale! Alimkuta Delphine akipuliza moto, akamwita kwa jina la utani alilokuwa amelisahau tangu siku za uchumba. Siku ile ukuta wake ulipanda umenyooka, na hata msimamizi Mbelgiji alitikisa kichwa kwa kuridhika.

Lakini jioni shaka ilibisha hodi. Je, mpagazi yule alikuwa mtu wa kwanza kweli? Kabla yake palipita mzee aliyekohoa, na kikohozi nacho hutoka kinywani. Isitoshe, M'Bulonza alikuwa amefika siku hiyo, na alipomwona mwanawe amechangamka alinyamaza kwa namna ambayo mama pekee hujua kunyamaza. Xavier aliamua kuuliza tena, ili apate hakika. Asubuhi iliyofuata alimsikia mwanamke akimhimiza mtoto akaze mwendo, jua linatoka. Hilo lilimaanisha nini? Akaze mwendo kwenda wapi? Siku nyingine alikuwa askari aliyewaambia watu wasogee. Siku nyingine tena ilikuwa salamu tu, na Xavier alishinda akiipindua salamu ile juu chini akitafuta ujumbe ndani yake. Kadiri alivyosikia ndivyo alivyozidi kuchanganyikiwa. Delphine alimwona anakonda, akamuuliza kama anaumwa. Alimjibu kwamba yumo katika sala.

"Basi nitasali na weye," Delphine akasema, na tangu siku ile alipiga magoti kando yake kila alfajiri, bila kujua wanachoomba.

Mwishowe ikafika asubuhi ya ukungu. Pale njia panda palikuwa na mama mmoja muuza kasiksi, ile pombe ya ndizi, ameletewa mtungi na kijakazi wa mtu. Mama yule alionja, akatema, akausukuma mtungi kwa mguu.

"Rudisha kwenye ilitoka," alisema. "Haina faida kwangu."

Xavier aliganda. Kisha alihisi, ajabu ya Musa, wepesi. Hakusikia tena haja ya kuuliza. Wepesi ule aliuita amani ya Mungu, nasi tusimcheke haraka, maana ni wangapi kati yetu waliowahi kuupima?

Alimwambia mkewe jioni hiyohiyo. Hakumtaja mama yake wala msichana wa Lwiro. Alisema tu kwamba amesali muda mrefu na Mungu amemjibu, kwamba Delphine arudi kwao Nyantende. Alitazamia kilio, na alikuwa amejiandaa kwa kilio. Delphine aliyatazama mafiga.

"Kama Mungu alisema, miye niko nani?" aliuliza, kisha akaanza kukunja nguo zake.

Walitembea hadi Nyantende. Baba yake Delphine, mzee Benoît, aliwakaribisha uani, akaisikiliza habari yote mkono kidevuni. Mtu akimrudisha mke, ng'ombe wa mahari nao huanza kutafuta njia ya kurudi, kwa hiyo Xavier alidhani mzee angeanzia hapo. Mzee hakuanzia hapo. Aliuliza kosa la binti yake ni lipi. Xavier akajibu kwamba hana kosa hata moja. Mzee Benoît alikuna kichwa. Alisema yeye alibatizwa kabla hawa wawili hawajazaliwa, na amesikia mahubiri mengi, ila Mungu wa kurudisha mwanamke asiye na kosa bado hajamsikia. Hata hivyo labda mjini walikuwa na mahubiri mapya. Delphine aliingia nyumbani kwa mama yake bila kugeuka.

Xavier alirudi Kadutu akingoja amani yake imfuate. Haikumfuata. Nyumba ilikuwa ileile, kitanda kilekile, lakini alipopiga magoti alfajiri mahali pa Delphine palikuwa wazi, naye aliinuka kabla ya kumaliza sala. M'Bulonza alikuja na habari njema za Lwiro. Xavier alimwambia asubiri. Alikuwa amepata neno alilolitafuta, mbona sasa hakuwa na raha? Alishindwa kujua kama alimkosea Mungu kwa kutii au kwa kuchelewa kutii. Mawazo yalimzonga hata akajenga ukuta mmoja umeinama, ikabidi aubomoe huku wenzake wakitazama.

Jumamosi alienda kumwona padri Edouard, Mshi mwenzake wa Kabare, akamkuta nyuma ya kanisa akisafisha mnyororo wa pikipiki, mikono yote imejaa grisi. Xavier alimweleza kila kitu, kuanzia nyanya hadi muuza kasiksi. Padri hakuacha kazi yake. Aliuliza tu, kama mtu anayetaka kujua bei ya chumvi, neno la siku ya kwanza kabisa lilisema nini.

"Weka palepale," alijibu Xavier.

"Na kwa nini haukulishika lile?"

Xavier alitazama viatu vyake, akatazama pikipiki, akatazama kanisa alimofungia ndoa.

"Basi si barabara ilichagua," alisema padri Edouard. "Uliiuliza mpaka iseme neno lako."

Xavier aliona uso ukimwaka kwa aibu. Alimwomba padri amfundishe basi jinsi ya kuitambua sauti ya kweli. Alitaka kanuni, kitu cha kushika mkononi kama timazi, ile kamba ya mwashi yenye uzito ambayo humwonyesha ukuta ulionyooka. Padri alifuta mikono kwa tambara, akakiri kwamba angekuwa na kamba ya namna hiyo angeitumia yeye kwanza. Kuna mambo yake mwenyewe ambayo hadi leo hajui kama aliitwa au alijiita. Alijua machache tu. Lile ambalo Mungu amekwisha kulisema mbele ya mashahidi, mtu haendi kumwuliza tena njiani. Na mtu akisema anamsikiliza Mungu, ilhali hajamwuliza hata neno moja yule aliyepiga magoti kando yake, yafaa aogope. Baada ya hapo padri aliwasha pikipiki na kwenda kumpaka mgonjwa mafuta.

Kesho yake, baada ya misa, Xavier alishika njia ya Nyantende. Alimkuta Delphine shambani akipalilia maharage. Alikuwa amekonda, na rozari aliyoizoea haikuwa shingoni. Xavier alikuwa amepanga maneno mazuri njia nzima, lakini mbele ya jembe lile yalimpotea yote. Alimwambia ukweli jinsi ulivyo. Mungu hakusema kitu. Aliyesema ni muuza kasiksi, na alikuwa akisema habari za mtungi.

Delphine alicheka. Alicheka mpaka akaegemea mpini wa jembe, na Xavier naye akaanza kutabasamu akidhani amesamehewa. Kisha akaona kwamba mkewe analia, na kwamba labda alikuwa akilia tangu mwanzo.

"Ungenifukuza na kinywa chako, Cirhuza, ningelia, halafu ningepona," alisema. "Weye ulinifukuza na kinywa cha Mungu. Tangu nifike hapa, kila nikipiga magoti, naona ananipa mugongo. Nilimuomba anisamehe, na sikujua kosa. Niliacha kumuomba."

Xavier alikuwa amedhani amemwondoa mwanamke nyumbani kwake tu, kumbe alikuwa amemwondoa mbele ya Mungu wake, na hilo hakulipigia hesabu hata siku moja. Alipiga magoti kwenye matuta, palepale kati ya maharage, akamwomba msamaha na kumsihi warudi nyumbani. Alisema mama yake atanyamaza, atamnyamazisha yeye mwenyewe. Alisema mtoto akija atakuja, asipokuja watazeeka wawili. Delphine alimsikiliza hadi mwisho, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Simama, utaharibu maharage," alisema. "Mambo yako nimeyasikia. Sasa acha na miye nitafute Mungu wangu, nijue kama alikuwa ananikataa ao hapana. Nikimupata, tutaongea juu ya kurudi. Usiniulize ni siku gani."

Kisha akainama na kuendelea kupalilia. Mzee Benoît alimsindikiza mkwewe hadi njiani, akampa mahindi mawili ya kuchoma, na hakusema kitu juu ya ng'ombe.

Xavier aliteremka kuelekea mjini, kichwa chini. Hakujua kama amesamehewa au ameachwa. Hakujua hata aombe nini. Karibu na kijito palikuwa na wanawake wawili wakitwishana mizigo ya kuni, na mmoja alimwambia mwenzake juu ya mtu wao, mtu ambaye Xavier hakumjua wala hatamjua, kwamba atakuja tu, aache kulia. Moyo wa Xavier uliruka. Alisimama, akageuka kutazama kilima cha Nyantende, furaha imemjaa usoni, na alikwisha kuanza kupiga ishara ya msalaba kabla hajatambua anachokifanya. Mkono ukamwishia kifuani. Wanawake wale walimpita na kuni zao wakamwacha amesimama katikati ya barabara, na ndipo alipoiamini methali aliyowachekea wengine: sikio halilali njaa.