Kamati ya Kukagua Pampu

Idara ya maji ilimwita Bwana Kapufi, mkandarasi tajiri, abadilishe beringi moja ya pampu ya mji. Beringi aliibadilisha, lakini pampu akaiacha vipande vipande makusudi.

"Nimekuta ubovu mwingine ndani," alimwambia Bi Sikudhani, mtunza stoo. "Bei sasa ni mara tatu. Mkikataa, mji utabaki na kiu."

"Hatukatai, bwana mkubwa," alijibu Bi Sikudhani kwa upole. "Ila kamati haikagui vipande, itasema ni vyuma chakavu. Iunganishe kwanza, waone kuwa ni pampu."

Kapufi akaikaza hadi nati ya mwisho. Bi Sikudhani akabonyeza swichi. Pampu ikanguruma, maji yakafoka bombani.

"Kamati yenyewe iko wapi?" Kapufi aliuliza.

Bi Sikudhani akamwonyesha akina mama waliokuwa wakijaza ndoo. "Ile pale. Imeridhika."