Nyongo ya Bwana Rabten

Huko milimani Tibeti, Bwana Rabten alikuwa ametundika sebuleni nyongo ya dubu iliyokauka, kila mgeni aione. Mume wa Norzin alipougua ini, mganga akasema dawa yake ni nyongo hiyo tu, basi Norzin akaenda kuomba chembe.

"Niletee yaki wako kwanza," Rabten alisema.

Norzin alikuwa na yaki mmoja tu, ng'ombe wa manyoya aliyebeba mizigo yote ya nyumba. Aliitazama ile nyongo, akaguna.

"Nimtoe yaki kwa nyongo ya nguruwe? Kijiji kizima kinajua, bwana, ila wanakuonea haya."

Mgeni mmoja akaficha kicheko ndani ya kikombe cha chai. Rabten akavimba.

"Ya dubu humwinua mgonjwa kwa siku tatu," Norzin aliendelea. "Ya nguruwe humwendesha tumbo tu."

Rabten akaiangua nyongo, akaongozana na wageni wake mpaka kwa mgonjwa, akamnywesha kwa mkono wake mwenyewe siku tatu mfululizo. Siku ya nne mgonjwa alikuwa nje, anampakia yaki mzigo.

"Haya, sema sasa, ni ya nguruwe?" Rabten alifoka mbele za watu.

Norzin aliinama mpaka chini. "Ni ya dubu, bwana, nimeshindwa. Ila jirani yangu Choden, naye yuko kitandani anaumwa ini, bado anabisha."