Jina la Kwanza la Manju Semboja

Hapo zamani, wala si zamani ya kupotea, uwanja wa ngoma wa Kwamgaza ulikuwa na manju, mwimbishaji, aitwaye Semboja. Akianza wimbo, hata wenye homa walitoka vitandani. Mwaka mmoja sauti yake ikaanza kukwaruza. Watu wakasema, "Imekomaa!" Ikakwaruza zaidi. Watu wakasema, "Sasa ndiyo imekomaa!" Semboja akavimba kichwa, akawasha sigara nyingine.

Mkewe Mboza, kiongozi wa waitikiaji, alisikia vingine, akamsihi aende hospitali. Wiki tatu zikapita, zikawa sita. Jumamosi moja, uwanja umefurika, Semboja akatoa wimbo. Mboza akafunga mdomo, na waitikiaji wote wakafunga midomo. Akarudia. Kimya. Manju asiyeitikiwa hana pa kwenda.

"Nitakuitikia ukitoka hospitali," Mboza alisema mbele ya kadamnasi. Semboja alitamani ardhi ipasuke immeze.

Hospitali walimpitisha kamera nyembamba kooni, wakaona mabaka meupe juu ya nyuzi za sauti. Wakakata kipande kidogo cha kupima, wakamwambia arudi baada ya wiki mbili. Hakurudi. Mtu mzima na ndevu zake aliogopa, akamwambia mkewe majibu ni mazuri.

Aliyemfuata ni muuguzi Nasikiwa, siku yake ya mapumziko, saa tatu nzima juu ya pikipiki.

"Baba, si saratani," alisema, vumbi limemjaa usoni. "Lakini chembe za koo zimeanza kubadilika. Mabaka kama haya mengine hutulia, mengine hugeuka saratani baada ya miaka, na kwa macho huwezi kuyatofautisha. Twende yaondolewe. Na sigara iishe, yasije yakarudi."

Mboza alimtazama mumewe, akaingia ndani kumfungashia nguo.

Mabaka yakaondolewa. Semboja akaamriwa asitoe sauti siku kumi, hata mnong'ono. Lakini hamu ya sigara ilimtesa kuliko kimya hicho. Ndipo akaja Kilango, manju wa ng'ambo ya mto, mshindani wake wa miaka thelathini, aliyeanza naye kuvuta ujanani. Akaiponda pakiti yake mwenyewe kwa kisigino.

"Peke yako utashindwa. Naacha na wewe."

Miezi mitatu, kila asubuhi, Kilango alivuka mto. Wakakaa wawili wakitafuna tangawizi, wakinuniana kama watoto.

Sasa, Kwamgaza wana desturi: manju aliyenyamazishwa na ugonjwa akirudi uwanjani, mwenye jina la kwanza atakaloliimba hupewa kigoda kando ya ngoma kuu, na kila wimbo wa manju huyo huanza na jina hilo mpaka afe. Jina ni moja tu.

Siku ya kurudi, watatu wale wakasimama mbele yake.

"Nisingefunga mdomo, ungekwenda hospitali lini, mume wangu?" akasema Mboza.

"Alikwenda, mama, akakimbia," akacheka Nasikiwa. "Nisingemfuata je?"

Kilango akajikuna kidevu. "Mwanangu, mabaka mliyatoa vizuri. Lakini sigara ingeyaita tena. Mimi nimeacha kitu nilichokipenda kuliko ngoma, ili huyu apate kunishinda tena."

Semboja akawatazama mmoja mmoja. Aliwapenda wote, machozi yakamlengalenga. Ngoma ikalia. Mboza akavuta pumzi tayari kuitikia. Semboja akafungua mdomo.

Haya, nyinyi mnaonisikiliza, pumzi ya manju haingoji. Je, ni nani aliyestahili jina la kwanza?